Chupa Mkononi mwa Mgeni: Historia ya Migahawa ya BYO Mjini Melbourne

Kwa zaidi ya nusu karne, mgahawa wenye herufi BYO kwenye kioo cha dirisha umekuwa sehemu ya sura ya Melbourne, jiji la kusini mashariki mwa Australia. Herufi hizo humwambia mpita njia jambo moja: njoo na chupa yako. Mgeni hununua mvinyo dukani na kuubeba hadi mezani. Mwenye mgahawa humpa glasi, humfungulia kizibo na kumtoza ada ndogo, au hamtozi chochote. Anacholipia hasa ni chakula.

Wengi huichukulia desturi hii kuwa njia ya kubana matumizi. Ni kweli, lakini maelezo hayo yanaacha mengi nje. Meza ya BYO ilitokana na vuta nikuvute ya takriban miaka mia moja kati ya wapinga ulevi, wenye baa, serikali na wahamiaji waliofika na mapishi yao bila mtaji. Sheria iliutenga unywaji na chakula. Waliovirudisha pamoja walikuwa wapishi na wahudumu wa migahawa midogo, wengi wao wageni katika nchi ile, na kwa kufanya hivyo wakaujenga utamaduni wa kula ambao Melbourne inajivunia leo. Historia yao inastahili heshima ileile inayopewa majumba ya mawe na makanisa ya jiji hilo.

Mji wa dhahabu, mizabibu na viapo

Melbourne ilianzishwa mwaka 1835. Dhahabu ilipogunduliwa katika koloni la Victoria mwaka 1851, watu walimiminika kutoka Ulaya, China na Amerika, na kabla ya karne kwisha mji huo ulikuwa miongoni mwa miji tajiri ya himaya ya Uingereza. Mizabibu nayo ilikuwapo tangu mapema. Ndugu wa ukoo wa Ryrie walipanda ya kwanza huko Yering, katika bonde la mto Yarra, mwaka 1838, na baadaye walowezi kutoka Uswisi, akina de Castella na de Pury, wakalifanya bonde hilo kuwa eneo la mvinyo lenye sifa.

Sifa hiyo haikudumu. Mwaka 1877 mdudu wa filoksera, anayeshambulia mizizi ya mzabibu, aligunduliwa karibu na mji wa Geelong, na serikali ikaamuru mashamba mengi yang'olewe. Ladha ya wanywaji nayo iligeuka. Kwa miongo kadhaa soko lilitawaliwa na mvinyo mtamu uliokolezwa kwa spiriti, wa kunywewa peke yake kama kileo kikali. Mvinyo mwepesi wa kusindikiza chakula ulibaki na wapenzi wachache, na sehemu kubwa ya bonde la Yarra ikawa malisho ya ng'ombe.

Wakati huohuo harakati za kupinga ulevi zilikuwa zikipata nguvu. Umoja wa wanawake Wakristo wapinga pombe ulianza kazi Victoria mwaka 1887, na wanachama wake walikuwa pia katika mstari wa mbele wa kudai haki ya wanawake kupiga kura. Hawakuwa wakipambana na kivuli. Mshahara wa baba ulioishia baa ulimaanisha watoto kulala njaa, na sheria za wakati huo zilimwachia mke njia chache za kujitetea. Matajiri wa mrengo huo walijenga hoteli kubwa zisizouza pombe, zilizoitwa majumba ya kahawa. Mwanasiasa James Munro aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Victoria alikuwa miongoni mwa walioinunua hoteli ya Grand, inayoitwa sasa Windsor, mwaka 1886 na kuigeuza jumba la kahawa. Husimuliwa kwamba aliichoma leseni yake ya pombe mbele ya watu.

Saa kumi na mbili jioni

Sheria ya mwaka 1906 iliunda bodi ya kupunguza leseni, na bodi hiyo ikazifunga baa nyingi kote Victoria. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, wapinga pombe walipata hoja mpya: vijana wanakufa ng'ambo, basi waliobaki nyumbani wajinyime. Mwaka 1916 jimbo la South Australia lilitangulia kuamuru baa zifungwe saa kumi na mbili jioni. Victoria, New South Wales na Tasmania zikafuata mwaka huohuo. Hatua hiyo ilitajwa kuwa ya muda wa vita, lakini Victoria iliifanya ya kudumu mwaka 1919. Mwaka uliofuata wakazi wa maeneo ya Box Hill na Camberwell walipiga kura kuondoa leseni zote za pombe katika mitaa yao.

Matokeo yake yalikuwa kinyume na matumaini ya waliopigania sheria hiyo. Wafanyakazi walitoka kazini saa kumi na moja na kukimbilia baa, wakabakiwa na muda usiofika saa nzima. Wakanywa harakaharaka, wamesimama, wamebanana. Wenye baa waliondoa viti, meza za kulia chakula na meza za kuchezea biliadi ili watu wengi zaidi waingie, na kuta zikawekwa vigae ili zioshwe kwa urahisi baada ya kufunga. Chakula kilifukuzwa kutoka mahali pa pombe, na kilevi kikakimbizwa kutoka mahali pa chakula. Mtu aliyetaka kula chajio cha starehe pamoja na glasi ya mvinyo hakuwa na pa kwenda, isipokuwa hoteli za gharama na migahawa michache yenye leseni zilizozungukwa na masharti.

Hali hiyo ilidumu Victoria kwa nusu karne. Vizazi viwili vilikua vikiamini kwamba kunywa ni jambo la wanaume, la haraka na la kusimama wima. Kula nje usiku kulikuwa anasa ya wachache.

Kahawa yenye rangi ya zabibu

Hata hivyo palikuwapo sehemu chache za Melbourne zilizoshikilia desturi nyingine. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 Waitaliano waliendesha migahawa katikati ya mji, na ule wa Fasoli ulijulikana kama maskani ya waandishi na wachoraji. Mwaka 1928 Rinaldo Massoni alifungua Café Florentino katika mtaa wa Bourke, na familia nyingine za Kiitaliano zikawa na nyumba zao za chakula karibu na hapo. Kwa watu wa asili hiyo, meza isiyo na mvinyo ilikuwa pungufu kama meza isiyo na mkate. Masimulizi ya jiji yamejaa habari za mvinyo uliomiminwa katika vikombe vya kahawa na buli za chai, huku mhudumu mmoja akiuchungulia mlango asije akaingia polisi.

Mwaka 1935 Jimmy Watson alinunua duka la mvinyo katika mtaa wa Lygon, kitongoji cha Carlton, jirani na Chuo Kikuu cha Melbourne. Kwa miaka mingi aliwafundisha wahadhiri, wanafunzi na wafanyakazi kunywa mvinyo mkavu, kwa utulivu, pamoja na kipande cha nyama au jibini. Baada ya kifo chake mwaka 1962, kombe lenye jina lake lilianzishwa katika maonyesho ya mvinyo ya Melbourne, na hadi leo ni tuzo inayowaniwa sana na watengenezaji wa mvinyo wa Australia.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na baada yake wimbi kubwa la wahamiaji. Serikali ya Australia iliona nchi ina watu wachache, ikafungua milango kwa Wazungu wa mataifa mengine mbali na Waingereza. Mikataba ya kusaidia uhamiaji ilitiwa saini na Italia mwaka 1951 na Ugiriki mwaka 1952. Vitongoji vya ndani vya Melbourne, vyenye nyumba kuukuu za kodi nafuu, vilijaa familia kutoka Calabria, Sicilia, Veneto na visiwa vya Ugiriki. Walifanya kazi viwandani, na katika nyua za nyuma walipanda nyanya na mizabibu na kukamua mvinyo wa nyumbani.

Mwaka 1954 Pellegrini's ilifungua baa yake ya kahawa ya mashine katika mtaa wa Bourke. Georges na Mirka Mora, Wayahudi waliookoka mauaji ya Ulaya na kufika Australia mwaka 1951 wakitokea Paris, walianzisha mkahawa uliopendwa na wasanii, kisha mgahawa wa Balzac huko East Melbourne, unaokumbukwa kwa kupata ruhusa ya mapema ya kuuza mvinyo hadi saa nne usiku. Lakini wapiga kura walikuwa bado hawajashawishika. Machi 1956 Victoria iliitisha kura ya maoni kuhusu kusogeza saa ya kufunga baa hadi saa nne usiku, na wengi wakakataa. Miezi minane baadaye, wageni wa Michezo ya Olimpiki waliwasili katika mji ambao baa zake zilifungwa saa kumi na mbili jioni.

Kibali cha mtu asiye na mtaji

Mabadiliko yaliletwa na Tume ya Kifalme ya kuchunguza sheria za vileo, iliyoanza kazi mwaka 1963 chini ya mwanasheria Philip David Phillips, wakati wa serikali ya waziri mkuu wa Victoria, Henry Bolte. Kuanzia Februari 1, 1966, baa za Victoria ziliruhusiwa kufungwa saa nne usiku. Mwaka 1968 sheria mpya ya udhibiti wa vileo ilipitishwa na kuunda tume ya kusimamia leseni. Msimamo uliotangulia, kwamba njia ya kupunguza madhara ya pombe ni kupunguza saa za kuiuza, ulianza kumpisha mwingine: kwamba anayekunywa huku anakula, ameketi na familia yake, hunywa kwa kiasi.

Katika mageuzi hayo ndipo mgahawa wa BYO ulipopata mahali pake palipotambulika. Leseni kamili ya kuuza pombe ilikuwa ghali na ngumu kupatikana. Mwombaji alitakiwa kuthibitisha kwamba mtaa wake una uhitaji wa leseni nyingine, na wenye baa waliokuwapo wangeweza kumpinga mbele ya tume. Alihitaji wakili, muda na fedha. Kibali cha kuruhusu wageni waje na mvinyo wao kilikuwa jambo jepesi zaidi, kwa kuwa mwenye mgahawa hakuwa muuza pombe. Hakuhitaji ghala la chupa wala mkopo wa kununua mvinyo ambao ungekaa miezi kabla ya kuuzwa.

Faida ya hesabu hiyo kwa familia ya wahamiaji ilikuwa kubwa mno. Mama aliyejua kupika, baba aliyeweka akiba kutoka kiwandani, watoto wa kuhudumu meza baada ya shule: hao walitosha kufungua mgahawa. Katika migahawa mingi ya kawaida faida kubwa hutoka kwenye vinywaji, kwa sababu chupa huuzwa mara mbili au tatu ya bei ya dukani. Mwenye mgahawa wa BYO aliiacha faida hiyo, akapata wateja ambao wasingemudu kula nje. Chakula chake kilipaswa kuwa kizuri, maana hakikuwa na kitu kingine cha kukibeba.

Carlton ikawa kitovu. Toto's ilikuwa imefungua duka la pizza katika mtaa wa Lygon mwaka 1961, na hudaiwa kuwa la kwanza Australia. Katikati ya miaka ya 1960 Stephanie Alexander, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa mapishi, alifungua Jamaica House katika mtaa huohuo pamoja na mumewe Mjamaika. Wanafunzi wa chuo kikuu, walimu, wasanii na wafanyakazi wa ofisini walishika njia ya Carlton na Fitzroy jioni, kila kundi na chupa zake.

Mvinyo wenyewe ulikuwa ukibadilika. Mwaka 1965 Thomas Angove wa Renmark, South Australia, alisajili hataza ya mvinyo uliowekwa katika mfuko wa plastiki ndani ya boksi la karatasi ngumu. Baadaye ukaongezwa mrija wa kufungulia, na mvinyo wa mezani ukawa kitu cha kila nyumba. Karibu na mwaka 1970 unywaji wa mvinyo mwepesi uliupita ule uliokolezwa kwa spiriti. Mashamba yakarudi katika bonde la Yarra baada ya kulala miongo kadhaa. Migahawa ya BYO haikuyaleta hayo peke yake, lakini iliwapa wanywaji wapya mahali pa kujifunzia. Mtu aliyenunua chupa kwa bei ya dukani aliweza kuthubutu kujaribu zabibu asiyoijua, akaionja na mwanakondoo wa Kigiriki wiki hii na pasta wiki ijayo.

Meza inapanuka

Miaka ya 1970 ilileta wahamiaji wengine. Sera ya kuwazuia wasio Wazungu ilifutwa rasmi mwaka 1973, na baada ya vita vya Vietnam kwisha mwaka 1975 maelfu ya wakimbizi Wavietnam walipata makao Melbourne. Mtaa wa Victoria huko Richmond, pamoja na Footscray na Springvale, ulijaa vibao vya migahawa yao. Nao walikuta mlango uliokwisha kufunguliwa na Waitaliano na Wagiriki. Mkimbizi aliyefika mikono mitupu aliweza kuuza supu ya pho bila kugusa biashara ya pombe, na jirani yake Mwaustralia akaja na chupa ya mvinyo mweupe wa Riesling, ambao asidi na utamu wake wa mbali huenda vizuri na pilipili, ndimu na mchuzi wa samaki.

Kwa njia hiyo desturi iliwakutanisha watu ambao pengine wasingekutana. Mgeni aliyeona haya kuingia mgahawa wa chakula asichokijua alikuwa na kitu kimoja cha kwake mkononi. Mwenyeji naye, hata kama Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, alipokea chupa, akaleta glasi, na shughuli ikaanza. Adabu zake zikajengeka taratibu: kumwonjesha mwenye mgahawa ukileta chupa ya thamani, kutoacha meza imejaa chupa tupu, kutoleta mvinyo ambao mgahawa wenyewe unauza pale penye orodha. Kitabu cha mwongozo wa migahawa cha gazeti la The Age kilipoanza kutoka mwaka 1980, swali la kwanza la wasomaji wengi lilikuwa kama mgahawa una leseni ya kuuza au unapokea chupa za wageni.

Jirani na mbali

Melbourne haikuwa peke yake. New Zealand ilifunga baa zake saa kumi na mbili jioni kuanzia mwaka 1917 hadi 1967. Migahawa ya kwanza kuruhusiwa kuuza mvinyo kwa leseni, isiyozidi kumi nchi nzima, ilipatikana mwaka 1961, na mwaka 1976 sheria ikahalalisha BYO kote. Huko Montreal, Kanada, ambako serikali ya Quebec ilishika biashara ya vileo tangu 1921, migahawa ya mtaa wa Duluth huandika kwa Kifaransa ujumbe uleule wa kuwataka wageni waje na mvinyo wao.

Philadelphia, Marekani, inaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Marufuku ya pombe ilipoondolewa Desemba 1933, gavana wa Pennsylvania, Gifford Pinchot, aliyeichukia pombe, alihakikisha mauzo ya chupa yanabaki katika maduka ya serikali. Leseni za migahawa zikawekewa kiwango kinachofuata idadi ya watu, ambacho baadaye kilifika leseni moja kwa wakazi 3,000. Leseni ikawa mali ya kununuliwa kwa maelfu mengi ya dola. Kuanzia miaka ya 1990 wapishi vijana wa Philadelphia waliamua kufungua vyumba vidogo vya meza chache bila leseni, na jiji hilo sasa ni maarufu Marekani nzima kwa migahawa ya aina hiyo. Ukiiweka miji hii pamoja, unaona kanuni moja: palipo na leseni ghali na wapishi wengi wasio na fedha, chupa ya mgeni huingia mlangoni.

Sheria inapolegea, desturi inapungua

Kanuni hiyo ndiyo iliyoipunguza BYO huko ilikositawi. Mwaka 1986 mchumi John Nieuwenhuysen aliikabidhi serikali ya Victoria ripoti yake kuhusu sheria za vileo. Alipendekeza sharti la kuthibitisha uhitaji wa mtaa liondolewe, na leseni zitolewe kwa urahisi kwa yeyote anayefaa. Sheria ya mwaka 1987 ilifuata mkondo huo, na mageuzi ya miaka ya 1990 yaliruhusu baa ndogo zilizojaa vichochoro vya katikati ya jiji. Leseni zikaongezeka mara kadhaa. Melbourne ikajulikana duniani kwa baa na migahawa yake.

Mgahawa mdogo uliopata leseni kwa bei nafuu haukuwa na sababu ya kuacha faida ya mvinyo, hasa kodi za pango na mishahara zilipopanda. Wengi walibaki na herufi zilezile dirishani lakini wakaongeza ada ya kizibo, wengine wakaipokea chupa ya mgeni siku moja au mbili za wiki, mara nyingi Jumatatu au Jumanne wateja wanapopungua. Ada ambayo zamani ilikuwa sarafu chache sasa mara nyingi ni dola 10 au 20 kwa chupa, au zaidi. Hata kizibo chenyewe kimeadimika: tangu watengenezaji wa mvinyo wa bonde la Clare walipoamua mwaka 2000 kufungia Riesling yao kwa kifuniko cha kuzungusha, chupa nyingi za Australia hazihitaji kizibuo.

Sisemi kwamba sheria kali zirudishwe ili desturi ipone. Mgahawa wenye leseni humlipa mpishi vizuri zaidi, na mgeni ana hiari pana kuliko wakati wowote. Ninachosisitiza ni kwamba mafanikio hayo yana waasisi, nao wasisahaulike. Nieuwenhuysen aliweza kuishauri serikali iamini kwamba watu watakunywa kwa kiasi wakiachiwa, kwa sababu kwa karibu miaka ishirini maelfu ya meza za BYO zilikuwa zimeonyesha hivyo kila usiku. Familia za Carlton, Richmond na Footscray zilitoa ushahidi ambao hakuna tume ingeweza kuuandika mezani.

Waliofungua migahawa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960 sasa ni wazee, na wengi wao wamekwisha kutangulia. Makumbusho na maktaba za Victoria zina kazi ya kukusanya vibao, orodha za vyakula, vitabu vya hesabu na vibali vyao, na zaidi ya yote kurekodi sauti zao na za watoto waliobeba sahani baada ya shule. Watafiti wa urithi hupenda kuanza na jengo. Hapa inafaa kuanza na leseni: nani alinyimwa, nani aliipinga, na aliyenyimwa alifanya nini kesho yake. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo lililoipa Melbourne meza yake.